Penalti Iliyompa Mutiso Mke

Makongeni, Thika
Machi 10, 2024

Kwa dada yangu pacha Idah Apiyo, aliyenitangulia duniani kwa muda wa kuchemsha chai na akajiona mkubwa mpaka leo,

Habari za Ruiru? Sisi hapa tunaendelea. Mguu wangu wa kushoto umepoa kidogo. Pressure imeshuka tangu binti yangu Lynn aanze kuninyang'anya simu kila jina lako likiita. Daktari alisema nisipige kelele, na Lynn kama nesi akaelewa kwamba daktari anamaanisha wewe. Yeye ndiye atakuletea barua hii akija kazini hapo kwenu, kwa hivyo salamu zake atakupa mwenyewe.

Najua bado una kinyongo kwa vile alitutoa sisi wawili kwenye WhatsApp ya familia, ati tunabishana juu ya makipa wakati watu wanapanga mazishi ya shangazi. Mimi sina kinyongo. Kalamu ni kitu kizuri. Anayeandika hakatizwi maneno, na kukatiza ndio ugonjwa wako wa tangu utoto.

Sasa neno lenyewe. Magunia FC inatimiza miaka hamsini Disemba hii. Kiwanda cha magunia kilishafungwa na godauni limejaa vyuma vya watu wengine, lakini timu bado inacheza, na sisi wazee bado tuna kamati. Kamati imeamua hivi: ule wavu wa mwisho wa katani, tuliosuka wenyewe kiwandani kabla ligi haijatulazimisha nailoni, na ambao umekaa juu ya kabati yangu miaka yote, utapewa kipa bora wa Magunia wa enzi zote. Apewe mzima, mbele ya watu, aende nao kwake. Tuko watano. Wawili wamesema Ouma Sumaku. Wawili wamesema mume wako Mutiso. Wa tano ni mimi, mwenyekiti.

Usianze kukimbiza kuku wa kuchinja.

Ouma alidaka miaka ya tisini yote, na huwezi kunitajia timu iliyokuja Thika ikatoka inacheka. Alikuwa anatoka golini kama mwenye nyumba aliyesikia mwizi. Mutiso alikuwa kipa mzuri wa mazoezi. Mipira ya chini alidaka, sikatai. Krosi ikija, alikuwa anaiangalia ikipita juu kama watoto wanavyoangalia ndege, anangoja tu itue kwa wengine. Na ile penalti yenu maarufu, tuiache. Sitaki kukuumiza bure.

Msalimie shemeji. Mwambie sina ubaya naye, ubaya ninao na krosi zake.

Ndugu yako,
Jeconia Odongo, Mwenyekiti

*

Ruiru
Aprili 2, 2024

Mdogo wangu Jeconia,

Nimepokea barua yako na nimeona umesaini Mwenyekiti. Hongera. Hata kiti chenyewe cha kamati nasikia ni kreti ya soda.

Hapa tuko salama. Kanini amehamia Kahawa Sukari, karibu na anapofundisha, na anakuuliza kama unameza dawa au unazihesabu tu. Musembi bado yuko Mombasa na bado hapigi simu. Mutiso amezalisha sungura mpaka sina pa kuanika nguo. Anakusalimia. Nilimsomea ile sehemu ya ndege na watoto, akacheka. Mimi sikucheka.

Ouma Sumaku! Jeconia, umri umekupanda vibaya. Huyo Ouma alikuwa anaruka hata mpira ukipigwa kwa goli lingine. Alikuwa anabusu glavu zake kabla ya mechi, anachana nywele wakati wa mapumziko, na akidaka kimpira cha kuviringika anabaki amelala chini nacho mpaka mpiga picha afike. Leo ana kinyozi pale Witeithie na ametundika ukutani picha yake kubwa akiwa hewani amejinyoosha. Uliwahi kuiangalia vizuri hiyo picha? Mimi niliiangalia Kanini alipompeleka mtoto kunyolewa. Mpira uko nyuma yake. Uko ndani ya wavu! Mtu ametundika bao alilofungwa na watu wanalipa kunyolewa chini yake.

Na mbona hamkuwataja wa siku hizi? Au mmeona aibu? Huyo Calvince wenu wa sasa nilienda kumtazama mwaka jana. Anapiga chenga kwenye boksi yake mwenyewe kama anacheza na dada zake uani. Tulifungwa mbili, zote akiwa amesimama mbali na goli, ameshika kiuno, anauliza beki kwa nini.

Halafu unaandika "ile penalti, tuiache". Hatuiachi. Nitaiandika yote hapa, ndiyo siku Lynn na Kanini wakikuta hizi karatasi wajue ni nani alikuwa mkaidi.

Mwaka wa themanini na tano nilikuwa napika kantini ya kiwanda, na Mutiso akataka kunioa. Baba alikataa akiwa huko nyumbani Ugenya, hata hajamwona. Ati nitaolewaje na Mkamba ambaye hajulikani kwao ni nani. Unakumbuka nilivyolia, na wewe ukanicheka, kwa sababu mwaka huo ulikuwa unataka kipa abadilishwe. Halafu Baba akaja. Akasema haji kula kwa mtu wala kunywa. Amesikia desturi ya hapa kiwandani, na atamtazama huyo kijana akifungwa. Unajua desturi yenyewe. Mchezaji wa Magunia akitaka msichana wa kwota za wafanyakazi, baba wa msichana alikuwa anasimama nyuma ya goli mechi nzima. Mtu akishinda kila mmoja anampenda. Wazee walitaka kumsikia akifungwa, anavyowatukana mabeki, anavyopiga mlingoti teke, nani anamlaumu.

Baba akasimama nyuma ya goli na fimbo yake. Bila kwa bila mpaka mwisho mwisho, halafu penalti. Mutiso akaruka kulia, mpira ukapita nje ya mlingoti, na refa akapeana kona. Kona, Jeconia! Refa hapeani kona kama kipa hajagusa. Watu wakaingia uwanjani, na jioni hiyo hiyo Baba akasema ndiyo.

Mimi nimeolewa kwa ule mkono. Baba alinipa mume kwa sababu ya mkono ule. Sasa ukikaa kwa kamati yako ukasema haukugusa mpira, unasema nini juu ya nyumba yangu? Wavu huo ni wa Mutiso. Siuombi. Nakwambia tu ni wake.

Dada yako mkubwa,
Apiyo

*

Makongeni, Thika
Juni 16, 2024

Mama Kanini,

Usiniulize mbona nimekawia. Lynn alichukua likizo, na barua yako ilinipandisha pressure nikaambiwa nipumzike. Sasa niko sawa. Mvua imeharibu uwanja wetu, goli la upande wa juu liko kwenye tope mpaka magotini, na Calvince ameomba aanze mechi upande ule mwingine kwa sababu ya viatu vyake vipya. Kwa huyo sibishani nawe. Mwaka huu hata mimi ningemdakia.

Kuhusu picha ya Ouma, ndiyo, mpira uko ndani. Lakini angalia alivyoruka! Mutiso hakuwahi kuruka hivyo hata kwa mpira alioudaka.

Sasa penalti. Umeandika vizuri, kama mtu aliyekuwepo. Hukuwepo, Apiyo. Ulikuwa kantini umejifungia na mpishi mwenzako Wamboi mnaomba Mungu, na mliyoyajua mliambiwa na waliokuja kunywa chai. Mimi nilikuwa kwenye bendera ya kona, upande huo huo. Naiona mpaka leo. Yule mshambuliaji aliinama sana, akaupiga kwa ncha ya kiatu. Mpira ulikuwa unatoka nje tangu ulipomwacha mguuni. Shemeji aliruka, sawa, aliruka vizuri. Mpira na glavu havikujuana. Kati yavyo ungeweza kupitisha sufuria ya kantini yako.

Kona, unasema. Refa alikuwa Mwangi wa stoo. Huyo alikuwa na miwani, na akichezesha alikuwa anaivua ndiyo apendeze. Aliona kipa ameruka na mpira umetoka, akajumlisha mwenyewe.

Na Baba, Mungu amlaze pema, macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Ndio maana sijawahi kumlaumu. Lakini wewe fikiria. Alikuja kumwona mtu akifungwa. Mtu hakufungwa. Basi mtihani haukufanyika! Mlifunga ndoa kwa matokeo ya mtihani ambao haukufanyika, halafu miaka karibu arobaini unanitembezea cheti.

Nitakupa nafasi, ndiyo usiseme nakuonea. Muulize. Mnalala nyumba moja, mnakula meza moja. Akisema aligusa, kura yangu ni yake, na nitaubeba wavu mgongoni mwenyewe mpaka Ruiru. Nitakuwa na makosa mbele ya kamati nzima na nitayameza. Mutiso simpi sifa za krosi, lakini uongo sijawahi kumsikia nao.

Swali moja tu. Lina maneno machache kuliko salamu zako.

Jeconia

*

Ruiru
Julai 9, 2024

Baba Lynn,

Sisi wazima. Kodi ya maji imepanda, jirani amefungua kanisa kwenye gereji yake, na Kanini ameniletea miwani mpya. Kwa hiyo miwani nimeisoma barua yako mara mbili na bado sijaona akili ndani yake.

Ati Mwangi alikuwa anavua miwani. Na wewe je? Ulikuwa kwenye bendera ya kona unafanya nini? Nakumbuka vizuri mwezi huo ulikuwa unamfuata yule msichana wa kushona mifuko, na yeye alikuwa anasimama pale pale. Uliangalia mpira saa ngapi? Umekuja kuwa shahidi wa penalti na shingo yako ilikuwa imegeuzwa upande mwingine.

Ouma alifungwa sita na timu ya jeshi. Sita! Ya sita alikuwa amekaa chini. Hilo hukulitaja kwa kamati.

Shemeji yako hajambo. Mgongo unamsumbua lakini hasemi, unajua hasemi kitu. Anaamka, anawapa sungura majani, anasikiliza redio. Mtu kama huyo siwezi kumfuata na maswali ya kitoto. Mtu anakula chakula chake kwa amani, nimwambie nini? Kaka yangu anataka kujua habari za mpira wa mwaka wa themanini na tano? Nina heshima zangu.

Mahindi tuliyopanda kule nyuma yameota. Lynn akija nitampa ya kuchoma.

Idah

*

Makongeni, Thika
Agosti 4, 2024

Apiyo,

Mahindi yamefika, asante, ni matamu.

Nimesoma barua yako taratibu. Nimeangalia hata nyuma ya karatasi. Umenitajia kodi, kanisa, miwani, sungura, shingo yangu, timu ya jeshi. Kitu kimoja hakipo. Na hapo ndipo nilikaa chini nikacheka mpaka Lynn akaja kunipima pressure.

Kumbe hujawahi kumuuliza!

Umepigana na mimi, umepigana na Wamboi, umepigana na kwota nzima ya Magunia, umezaa watoto wawili na kuwasimulia, na hujawahi hata siku moja kumgeukia mwenye mkono ukamwuliza aligusa au hakugusa. Mimi nilidhani unanibishia kwa sababu unajua. Kumbe unanibishia kwa sababu hujui.

Unaogopa nini, dada? Kura ni mwisho wa Septemba. Usipojibu, nitahesabu umejibu.

Mwenyekiti

*

Ruiru
Septemba 15, 2024

Jeconia,

Leo hakuna salamu ndefu. Wote wazima.

Nimemuuliza.

Nilikaa na barua yako mwezi mzima. Nilikuwa naificha chini ya unga, nikidhani nikiificha itanyamaza. Uliniuliza naogopa nini na ulijua vizuri ninachoogopa. Nilikuwa naogopa kwamba Baba alidanganywa, na kwamba nimekaa katika nyumba hii miaka yote kwa kosa la Mwangi wa stoo. Sasa umeridhika nimeandika? Haya.

Jumapili iliyopita tumetoka kanisani, Mutiso akaenda nyuma kutengeneza kibanda cha sungura. Nikamfuata.

Nikamwambia, "Baba Kanini, ile penalti. Ile Baba alikuwa nyuma ya goli. Uligusa?"

Alikuwa na msumari mdomoni. Akautoa. "Ile ya kona?"

"Ile."

"Ah. Hapana. Sikugusa." Halafu akaniambia nimshikie ubao.

Jeconia, nilishika ubao. Sijui kwa nini. Nilisimama pale nimeshika ubao kama mjinga na yeye anagonga msumari. Alipomaliza nikamwuliza mbona hajawahi kuniambia. Akasema sikuwahi kuuliza. Nikamwambia, nimeisimulia penalti hiyo mbele yako kwa harusi, kwa matanga, kwa wageni, kwa mchungaji! Mbona hukuninyamazisha? Akasema, "Ulikuwa unaipenda sana. Na ulikuwa unaisimulia vizuri."

Nilitaka kumpiga na huo ubao. Nikamwambia basi Baba alidanganywa, na wewe ulinyamaza ukachukua mke. Hapo ndipo aliweka nyundo chini. Nimeona Mutiso akikasirika labda mara tatu katika maisha yangu, na hii ni moja.

"Mzee hakudanganywa," akasema. "Mimi nilimwambia."

Nitakuandikia alivyosema, kwa sababu mtu huyu hajawahi kusema maneno mengi hivyo kwa siku moja.

"Watu walikuwa wamenibeba juu. Nikawaambia wanishushe, nikaenda nyuma ya goli kumwamkua mzee. Nikamwambia, mzee, huo mpira sijaugusa, umetoka wenyewe. Akasema, najua, si nilikuwa hapa nyuma yako. Akaniuliza, na mbona unaniambia na refa ameshapeana kona? Nikamwambia, mzee, umetoka mbali. Umekuja kuniona, na mimi sitaki urudi na kitu ambacho si changu. Akaangalia ile fimbo yake. Akaniambia, mwezi wa nane kuja nyumbani na watu wako."

Basi. Hiyo ndiyo penalti.

Kwa hivyo umeshinda. Ulikuwa kwenye bendera ya kona na uliona vizuri, hata na shingo yako hiyo. Waambie kamati. Tangaza kwa spika ya kanisa la gereji kama unataka. Mimi nimegombana na nusu ya Thika kwa mkono ambao haukugusa kitu. Na Wamboi, ambaye tuliomba naye Mungu siku hiyo, tuliacha kuongea kwa sababu alisema unavyosema wewe. Na mwenye mkono alikuwa hapa muda wote, anakula, anacheka, anawapa sungura majani.

Simsemeshi tangu Jumapili. Wala wewe sikusemeshi. Hii ni barua tu.

Idah

*

Makongeni, Thika
Oktoba 20, 2024

Dada yangu Apiyo,

Natumaini sasa unamsemesha, hata kama mimi bado. Lynn aliniambia ulimkabidhi barua na hukumwuliza hata habari za pressure yangu, nikajua ni mbaya.

Nilisoma uliyoandika na nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Nilikuwa nimenunua mandazi. Sikufurahi, na jambo hilo limenikasirisha mpaka leo. Mtu akingoja ushindi miaka arobaini, angalau apewe siku moja ya kuringa!

Kuna kitu hukukijua. Jioni ile tukirudi kwota mimi na Baba, nilimwambia, Baba, usidanganyike, ule mpira haukuguswa. Akanijibu kwa ukali, "Wewe ulikuwa mbali, mimi nilikuwa nyuma yake. Ameokoa." Nikasema moyoni mzee haoni tena. Kumbe alikuwa ametoka kuambiwa sasa hivi, na mwenyewe aliona. Akanidanganya mimi, mtoto wa kumzaa, kumsitiri mtu wa Machakos ambaye hata mkwe hajawa! Nimekaa na hilo wiki nzima. Nilitamani awe hai nimgombeze.

Sasa kura. Nitakueleza ilivyokuwa, usisikie kwa watu. Nilienda kwenye kamati nimeamua kumpa Mutiso. Ndiyo, mimi. Nilikuwa na hotuba. Nilitaka kuwaambia kwamba makipa wote niliowahi kuwaona wanadai wameokoa. Mpira ukigonga mlingoti wanadai, upepo ukiupeperusha wanadai, Ouma alikuwa anadai hata ya beki. Kipa aliyeshushwa kutoka mabegani mwa watu ili akatae mpira, sijaona mwingine na sitaona.

Nikasimama. Halafu nikafikiria nikifika kwenu Ruiru na wavu mgongoni. Shemeji anatoka kwa sungura, ananiuliza ni wa nini. Nikimwambia ni wa kipa bora wa Magunia, unajua atanijibu nini. Atasema asante, Jeconia, lakini Ouma alikuwa ananishinda kwa krosi. Ataniambia hivyo kwa upole, mlangoni, nikiwa nimebeba mzigo.

Nikakaa chini. Hotuba nikaimeza. Nikampigia Ouma kura.

Ouma ndiye alikuwa kipa, Apiyo. Siwezi kumpa Mutiso sifa ya mtu mwingine halafu niseme namheshimu. Huyo mjinga wa Witeithie ameshapima ukuta wa kinyozi chake na anauliza kama wavu unaweza kukatwa ukae kwa fremu. Nimemwambia akiukata nitamkata yeye.

Nijibu hata kwa matusi.

Ndugu yako,
Odongo

*

Ruiru
Novemba 3, 2024

Mdogo wangu Odongo,

Salamu kwako na kwa Lynn. Pressure yako ikoje? Nimeuliza sasa, usilalamike. Kanini atatupeleka sote kwenye sherehe ya Disemba. Nilienda Thika kumtafuta Wamboi nikamwambia alikuwa na haki. Alinifungia mlango, akafungua, akanipa uji, akaniambia alijua. Hata yeye anaringa.

Ouma Sumaku! Fremu! Mngempa kioo tu, angeshukuru zaidi. Ulivyofanya ni sawa, na bado ni bure kabisa, na siku ya sherehe nitakaa mbele ndiyo anione nikikosa kupiga makofi. Nilimwambia Mutiso matokeo. Akasema, "Vizuri. Ouma alikuwa na mikono." Halafu akaongeza kwamba kwa krosi ulimsema kupita kiasi kidogo. Hiyo tu ndiyo ilimwuma.

Nimerudi kumsemesha. Ilinichukua muda, kwa sababu hasira ikiisha kulikuwa na kitu kingine chini yake na sikutaka kukiangalia. Sikuokolewa na ule mkono. Basi kulikuwa na siku, saa, dakika, ambapo Baba angeweza kusema hapana. Mimi nikiwa kantini naomba Mungu, kijana yule alienda kwa miguu yake kumpa Baba sababu ya kukataa. Angejinyamazia tu, nilikuwa wake tayari. Hilo liliniuma kuliko penalti. Nikajiuliza, alinitaka kweli huyu?

Jana nikamuuliza. Nimezoea kumuuliza siku hizi. Nikamwambia, na kama Baba angekataa, baada ya kumwambia hayo?

Akasema, "Ningemwambia akuje anitazame tena Jumamosi."

"Na kama angekataa hiyo Jumamosi?"

Aliniangalia, Odongo, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Si ligi ilikuwa na mechi nyingi, Idah."

Dada yako,
Apiyo